Baipasi ya roboti inamfaa nani?

Baipasi ni upasuaji wa kuipitisha damu kando ya mshipa wa moyo ulioziba, kwa kuunga mshipa mwingine. Lakini roboti haipasui moyo. Anayepasua ni daktari, amekaa kwenye meza ya kuongozea hatua chache kutoka alipolazwa mgonjwa, macho kwenye picha iliyokuzwa, vidole kwenye vishikio, na mikono ya mashine inafuata kila anachofanya. Naanza na hilo kwa sababu matangazo ya hospitali huinadi mashine kana kwamba ndiyo bingwa mwenyewe.

Faida yake ipo, tena kubwa. Baipasi ya kawaida hukata mfupa wa kidari kwa msumeno, kisha mfupa hufungwa kwa waya. Kuunga kwake huchukua wiki 6 hadi 12, na muda huo mgonjwa haruhusiwi kubeba vitu vizito. Kwa mwenye kisukari, maambukizi yakishuka hadi mfupani ni balaa. Roboti hupita katikati ya mbavu kwa matundu madogo, mara nyingi moyo ukiendelea kudunda.

Na hicho inachokifanya vizuri ndicho chenye thamani zaidi kwenye baipasi yenyewe: kuuchomoa mshipa wa ateri ulio nyuma ya kidari na kuuunga kwenye mshipa mkuu wa mbele wa moyo. Kiungo hicho, baada ya miaka 10, bado kiko wazi kwa zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa. Vena za mguuni, ambazo nazo hutumika kuunga, hazifikii hapo.

Tatizo ni kwamba wengi wanaohitaji baipasi wameziba mishipa miwili, mitatu. Kufika upande wa nyuma wa moyo kwa roboti ni kazi ngumu, kwa hiyo mara nyingi daktari huunga mshipa wa mbele na iliyobaki ikawekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachoushikilia mshipa ubaki wazi. Mpango huo una mantiki, lakini mgonjwa aelewe kuwa anapata tiba mbili, si baipasi kamili kupitia tundu dogo.

Kisha kuna mkono wa daktari. Anashona mshipa wa upana wa milimita 2 hivi kwa uzi mwembamba kuliko unywele, na kwenye mashine nyingi zilizopo hausikii uzi ukikaza. Anakisia kwa macho. Akivuta kidogo tu zaidi, umekatika. Ndiyo maana wengi hutumia roboti kuchomoa ateri tu, halafu wanaunga kwa mikono kupitia mkato mdogo ubavuni. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya busara.

Takwimu nzuri tunazosomewa zimetoka kwenye vituo vichache vyenye mabingwa waliobobea, kwa wagonjwa waliochaguliwa. Upasuaji huu ulianza Ulaya mwaka 1998, na hadi leo nchini Marekani, penye roboti tele, ni takribani baipasi 1 tu katika 100. Bei ni sababu mojawapo: mashine hufikia dola milioni 2, na vifaa vyake huisha baada ya idadi ya matumizi iliyopangwa na kiwanda.

Kwa hiyo anayeshawishiwa kusafiri nje kwa ajili ya roboti amuulize daktari, kabla ya bei: wewe mwenyewe umefanya ngapi mwaka huu? Mishipa yangu mingapi itaungwa? Damu ikivuja ghafla, timu ya kufungua kifua iko chumbani au inapigiwa simu?