Aliyesema "ni mafua tu" nilikuwa mimi

Nianze kwa kukiri, kwetu aliyesema ni mafua tu nilikuwa mimi. Mtoto ana wiki saba, pua imeziba, kikohozi kidogo, mi nikaona kawaida maana dada yake kila siku anarudi na kamasi. Mama yake akawa anasema huyu hapumui vizuri, na mi namjibu unamchunguza mno ndo maana unaona mengi. Siku ya nne mtoto akawa ananyonya mara tatu anaachia, anahema, anarudi tena, anaachia, na nepi tangu asubuhi kavu. Tulipomvua nguo ndo nikaona mwenyewe, kila akivuta pumzi kifua kwa chini kinabonyea ndani na tundu za pua zinatanuka.

Hospitali nesi hakuanza na mashine. Aliacha mtoto atulie mikononi mwa mama yake, akakodolea saa dakika nzima, akahesabu pumzi. 68. Kumbe kwa mtoto wa chini ya miezi miwili ikifika 60 tayari ni haraka mno, na kuanzia miezi miwili mpaka afikishe mwaka ni 50. Yaani kinachotakiwa ni saa na kifua kilichofunuliwa, basi, na mimi niliyeshinda na simu mkononi siku zote nne sikuwahi kuhesabu hata mara moja. Kwa maoni yangu hili lifundishwe siku mzazi anaruhusiwa na kichanga chake, na baba awepo, asiambiwe asubiri nje.

Oksijeni kwenye damu ilisoma asilimia 88, iko chini. Wakasema ni bronkiolaitisi, imeletwa na virusi vya RSV, vinjia vidogo vya hewa mapafuni vimevimba na kujaa ute, na kwa mtoto mdogo hivyo vinjia ni vyembamba sana kwa hiyo kile ambacho kwa dada yake kilikuwa kamasi tu kwake kinaziba kabisa. Mi nikadai antibaiotiki. Daktari akasema haziui virusi, atapewa oksijeni, maziwa yapite kwenye mpira wa puani, halafu tusubiri.

Hapo kwenye kusubiri ndo nilichemka. Usiku wa kwanza macho yote kwenye skrini, namba ikishuka na moyo unashuka nayo, kumbe mtoto karusha mguu tu na kipimo kimelegea. Nesi akaigeuzia skrini upande mwingine, akasema baba, muangalie mtoto, ikilia sisi tutaisikia.

Meseji za "jipeni moyo" zilikuwa nyingi (asanteni, sizibezi), ila aliyetusaidia kweli ni shemeji aliyekuja akasema nendeni mkalale, nakaa naye mimi, saa nne nzima. Mtu asiyelala siku tatu hana moyo wa kujipa.

Siku ya tatu wodini nikamwambia mke wangu nisamehe. Akasema shika hii chupa kwanza, nakamua.

Mtoto alitoka hospitali, kikohozi kikaendelea kama wiki mbili hivi, walishatuambia kitachelewa kuisha. Juzi dada yake kapiga chafya sebuleni. Mama yake hakusema kitu, aliniangalia tu, na mi nikambeba mdogo nikampeleka chumbani, nikamfunua kifua, nikaanza kuhesabu.