Kiuno Kilionekana, Deni Halikuonekana

Jamini Roy, mzaliwa wa Beliatore katika wilaya ya Bankura, Bengal, alifundishwa Kolkata kuchora kwa rangi za mafuta kama Wazungu. Miaka ya 1920 akaanza kuachana na mtindo huo. Akachora wanawake wa Kisanthali, kabila la wenyeji wa mashariki mwa India, wakicheza ngoma, kwa mistari minene na rangi za udongo zilizoshikizwa kwa gundi ya kokwa za ukwaju. India ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na kuonyesha kwamba kijijini kuna sanaa ya kujitosheleza lilikuwa jambo la ujasiri. Anayemwita mwizi wa sanaa ya wanakijiji anamwonea.

Lakini tazama Wasanthali wa picha nyingi za enzi ile: wamevaa maua, wanapiga ngoma, wanacheza. Hawadaiwi na mtu. Na hao ndio waliochukua pinde na mishale mwaka 1855 dhidi ya wakopeshaji wa riba, wamiliki wa ardhi na Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki! Mchoraji aliona kiuno, deni hakuliona. Mchonga sanamu Ramkinkar Baij namtoa katika lawama hii. Sanamu yake ya mwaka 1938 kule Santiniketan, Bengal, ni ya familia ya Kisanthali iliyo njiani: baba na mzegamzega begani, mtoto kapuni, mama kandoni, mbwa nao. Hao wamehama na vyao vyote.

Wapo wanaosema dawa ni kuwapa wanakijiji wenyewe brashi. Mchoraji J. Swaminathan alifanya hivyo katika kituo cha sanaa cha Bharat Bhavan, mjini Bhopal, India, kilichofunguliwa 1982. Kazi zao zikatundikwa ukuta mmoja na za wasomi. Humo ndimo alimochomoza Jangarh Singh Shyam, mtu wa kabila la Wagond kutoka kijiji cha Patangarh, na mwaka 1989 picha zake zikafika Paris. Mimi naunga mkono njia hii, ila nayo ina miiba. Jangarh alijiua mwaka 2001 huko Japani, alikokuwa akichorea jumba la makumbusho, hajatimiza hata miaka 40.

Tena brashi ikishatolewa, inashikwa na nani? Kwa Wawarli, kabila la jimbo la Maharashtra, kuchora ukuta wa nyumba ya harusi kwa unga wa mchele ilikuwa kazi ya wanawake walioolewa. Soko lilipobisha hodi, jina lililovuma likawa la mwanamume, Jivya Soma Mashe. Kipaji alikuwa nacho, sibishi. Ila majina ya wale wanawake sijui nani aliyaandika.