Kabla ya kuilaumu kahawa, uliza ilikaa wapi

Ushauri mwingi wa kutengeneza kahawa unaosambaa mitandaoni unawafaa watu wanaoishi pwani: maji yakichemka, subiri dakika moja ndipo umimine. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka yakifika nyuzi 96 hivi. Kapchorwa, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ni juu zaidi, hata 95 hayafiki. Kahawa inataka maji ya kati ya nyuzi 90 na 96, kwa hiyo birika letu likitokota, maji yako tayari. Ukiyasubirisha, kisha ukayamimina kwenye chombo baridi, yanashuka chini ya 90 kabla hayajaufanyia unga kazi yoyote. Kikombe kinatoka chepesi, chachu kama embe bichi, na lawama inamwangukia mkulima wa Bugisu, huko huko Elgon, asiyehusika. Suuza chombo kwa maji ya moto, rudisha birika jikoni litokote tena, mimina papo hapo.

Mashine ya espreso haijali sana mwinuko, maana maji yake yamefungiwa kwenye boila. Tatizo lake ni joto lisilotulia. Umeme ukikatika na kurudi, taa inaweza kuonyesha kwamba mashine iko tayari huku kile kichwa cha chuma kinachoshika kishikio, yaani mpini wenye kikombe cha unga, kikiwa bado baridi. Ipe nusu saa, kishikio kikiwa kimefungwa mahali pake. Espreso iliyoharakishwa utaijua kwa macho: krema yake, yaani povu la juu, imepauka, ni nyembamba, na inatoweka hata sukari haijayeyuka. Mashine iliyokaa muda mrefu bila kazi nayo ina kasoro ya upande wa pili. Nyingi zinatoa kwanza maji yaliyopitiliza joto, yanafoka mvuke. Yaache yamwagike sekunde chache mpaka yatulie. Ukiyapitisha kwenye unga, krema inakuwa ya hudhurungi iliyokolea yenye doa jeupe katikati, na ulimini unabaki na majivu.

Kwa arabika ya Mlima Elgon iliyochomwa wastani, anzia nyuzi 93: gramu 18 za unga, gramu 36 kikombeni, sekunde 25 hadi 30. Ikiwa muda umekaa sawa na bado ni chachu, panda digrii moja. Ikiwa chungu, shuka moja. Robusta iliyochomwa sana ianzie 90. Ina kafeini karibu mara mbili ya arabika na uchungu wake hauhitaji kuchochewa. Naamini robusta yetu inadharauliwa bure, kwa sababu hupikwa kwa joto lisiloifaa.

Lakini joto linalotuharibia kahawa nyingi zaidi ni lile la kabla ya kupika. Tazama kaunta za migahawa: chupa ya kioo imejaa mbegu, iko dirishani juani, au mfuko uliofunguliwa umelazwa juu ya mashine penye uvuguvugu, pale pale panapopashwa vikombe. Hewa, joto, mwanga na unyevu vinashirikiana. Mafuta ya mbegu yanaingiliana na hewa, harufu ya matunda inaondoka kwanza, na kinachobaki kinanuka kama karanga za zamani. Hakuna fundi wala mashine ya kuirudisha. Kwenye kisagio weka mbegu za saa moja au mbili tu. Nyingine zibaki kwenye mfuko wenye vali (kitundu kinachotoa gesi bila kuingiza hewa), hewa imekamuliwa, kabatini mbali na jiko. Unga uliosagwa asubuhi, jioni tayari umechoka.

Kahawa mbichi nayo ina masharti yake: ianikwe kwenye turubai au vichanja, isiwe ardhini, ikaushwe hadi unyevu wa asilimia 12 hivi, na magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Kiboko, yaani robusta iliyokaushwa na maganda yake, iliyovuta harufu ya udongo itanuka udongo hata kikombeni.

Upya kupita kiasi pia ni kasoro. Kahawa iliyochomwa jana bado imejaa gesi: espreso inatoka ikirukaruka, krema imefura kama povu la sabuni, ladha inachoma. Isubiri siku 7 hadi 14. Mfuko ukishafunguliwa, umalize ndani ya wiki mbili au tatu.

Friji ya nyumbani msiitumie, tafadhali. Ina unyevu, na kahawa hunyonya harufu ya mukene (dagaa) wa jana bila kubagua. Friza inafaa ikiwa kahawa imegawanywa kwenye mifuko midogo isiyopitisha hewa, kila mmoja wa wiki moja. Ukiutoa mfuko, uache umefungwa mpaka usiwe baridi tena mkononi, vinginevyo umande utatanda juu ya mbegu. Mbegu zenye umande zinanata kwenye kisagio, na ile espreso ya sekunde 28 haitapatikana siku hiyo hata ukirekebisha mara ngapi.