Usalama wa mtandao na sayansi ya data: ualimu wa aina mbili

Mhitimu mwenye GPA ya 3.8 au zaidi akipata nafasi ya mkufunzi msaidizi hapa Arusha, wenzake humuuliza: unabaki kufundisha, au unashuka Dar kwenye mabenki na kampuni za simu? Kila mtu hujibu kana kwamba usalama wa mtandao na sayansi ya data ni fani moja, kwa kuwa zote zimewekwa idara ya kompyuta. Mjadala unapotelea hapo.

Mtu wa data hapotezi mengi akibaki. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela, Tengeru, wamefundisha kompyuta kutambua kwa picha nyanya zilizoshambuliwa na mdudu kantangaze. Mashamba yako jirani, na jani la nyanya halina siri ya mteja. Hata meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" ni malighafi: mwanafunzi akiomba za ndugu na marafiki, akafuta namba na majina, ana data ya Kiswahili ya kufundishia modeli ya kuwatambua matapeli. Makala inaandikika, na makala ndizo zinazompandisha mhadhiri cheo.

Kwenye usalama mambo ni magumu zaidi. Ujuzi mwingi umo ndani ya mifumo ya watu. Benki ikidukuliwa haitoi kumbukumbu za seva ziende darasani, na ukiingia mwenyewe bila ruhusa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhesabu mhalifu. Basi mwalimu anajijengea maabara: kompyuta chakavu kwenye swichi moja ya mtandao isiyo na intaneti, tovuti ya majaribio isiyosimbwa (data zake hazigeuzwi fumbo zikisafiri), na Wireshark, programu ya kusoma data zinazopita mtandaoni, inanasa nywila ikipita wazi herufi kwa herufi. Darasa zima hushtuka. Somo zuri, ila tovuti nyingi siku hizi zimesimbwa, na tapeli huanza kwa kumpigia simu mwenye laini.

Wanaotetea ualimu wana hoja. Misingi ya usimbaji na mitandao haichachi upesi, chuo kinaweza kukusomesha, na huko benki mgeni huanza kwa kukesha akitazama tahadhari kwenye skrini, nyingi zikiwa za uongo. (Wanaosifia mishahara ya Dar huisahau sehemu hii.)

Kinachonisumbua ni njia ya kurudi chuoni. Fundi aliyelinda mifumo miaka kumi, mwenye GPA ya 3.2, hapiti kwenye mchujo wa ajira ya kudumu, wakati ndiye aliyeona mashambulizi yenyewe. Vigezo hivyo vinalinda ubora wa kitaaluma, sikatai, lakini kwa somo hili vinamwacha nje mtu anayehitajika mno.

Kwa hiyo wa data ningemwambia abaki. Wa usalama abaki pale tu chuo kitakapomruhusu kwa maandishi kufanya kazi za ushauri nje. Kikikataa, aende kazini kwanza, asome uzamili akiwa huko, na asishuke chini ya GPA ya 4.0, maana uhadhiri msaidizi unaidai.