Kuchemsha hakuondoi kila kitu

Eti maji ya bomba ya Dodoma ukiyachemsha tu chumvi yote inaisha? Hilo ni kweli nusu. Maji ya visima vya Mzakwe, vinavyolisha bomba hizo, ni magumu kwa sababu yana kalsiamu na magnesiamu zilizoyeyuka kutoka ardhini. Kalsiamu iliyoshikana na bikaboneti ndiyo hujitenga maji yakichemka, na ndiyo ule ukoko mweupe ndani ya birika. Iliyoshikana na salfeti au kloridi haitoki hata uchemshe saa nzima, na chumvi ya kawaida ndiyo kwanza inakolea kadiri maji yanavyopungua. Ukoko wenyewe si sumu, ila koili ya birika la umeme ikishavaa koti hilo joto halipiti vizuri, umeme unaliwa bure, mwisho koili inaungua. Dawa yake ni siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, hadi koili ifunikwe: chemsha, zima, acha dakika 30, mwaga, suuza mara mbili. Usiukwangue kwa kisu. Shawa iliyoziba ifungie mfuko wenye siki kwa saa moja. Na siki isikutane na jiki kamwe, hutoa gesi ya klorini. Maharage yanayogoma kuiva nayo ni kazi ya kalsiamu hiyo hiyo, hukaza maganda. Magadi kidogo yanasaidia, yakizidi yanaharibu ladha. Kuna anayevuna maji ya mvua kwa ajili ya kufulia tu, maana kwa maji haya magumu mche wa sabuni huisha bila povu? Tanki la lita ngapi maji yake yanafika Agosti?