Mahojiano ya kazi na kijana aliyefunzwa asijisifu

Mpwa wangu wa Mji wa Kale ameitwa mara mbili mwaka huu kwa mahojiano na kampuni moja kubwa ya mizigo hapa Mombasa, na mara zote mbili ameletewa barua ya kusikitika. Kijana huyu amefanya kazi miaka 2 katika ofisi ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Safari moja kontena la mteja lilikwama Kilindini kwa kuwa uzito wa kwenye hati haukuwiana na wa mizani. Alikesha akiwapigia simu watu wa meli hadi hati ikasahihishwa, na mzigo ukatoka kabla siku za bure za kuhifadhiwa hazijaisha. Nilipomuuliza alilieleza vipi jopo kisa hicho, akanijibu: "Niliwaambia tulishirikiana vizuri, mjomba."

Mtoto wa Pwani hulelewa akijua kwamba kujisifu ni aibu, sifa zako wazitaje wengine. Jopo nalo limekaa kusikiliza "nilifanya". Ukisema "tulifanya", jopo huandika kwamba hukufanya kitu. Tena yote hayo kwa Kiingereza, na kijana amevaa tai ya kuazima.

Kampuni ina hoja yake, na ni nzito. Hati za meli na barua pepe za wateja wa ng'ambo ni Kiingereza kitupu. Jopo lina muda mchache na watu wengi, haliwezi kupita mtaani kuuliza tabia ya kila mmoja. Ofisi ndogo huajiri kwa neno la mjomba, na twajua utaratibu huo umewafungia nje wangapi wasio na mjomba. Swali moja kwa wote lina haki zaidi, hilo silipingi.

Lakini msimamizi wa lango, anayeongea na madereva wa malori kutwa nzima, kazi yake ni Kiswahili tangu alfajiri. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamkataza mwajiri kubagua kwa sababu ya lugha, isipokuwa pale kazi yenyewe inapodai. Je, kazi ya langoni yadai Kiingereza cha jopo? Sioni kwamba yadai, na huyo wa langoni angehojiwa kwa Kiswahili.

Ukimya huo wa kutotaja ulichofanya humfuata mtu hata akishaajiriwa. Majaribio yaweza kufika miezi 6, na ndani yake mkataba huvunjwa kwa notisi ya siku 7. Anayengoja mkubwa wake aigundue kazi yake bila kuambiwa, huenda muda huo ukamwishia.

Kwa mpwa wangu, ambaye kazi anayoitaka ni ya hati, naona yeye ndiye wa kujirekebisha. Fundi wa jahazi humwonyesha mwenye chombo ubao alioubadilisha, na hakuna anayemwita mwenye majivuno. Jioni twakaa barazani, namuuliza habari za lile kontena.

"Hiyo si kujisifu, mjomba?"

"Ulikesha au hukukesha?"

"Nilikesha."

"Basi lianzie hapo."

Juzi alilieleza lote, kwa Kiingereza, macho yakiwa chini.