Raga ya Port Elizabeth Ihesabiwe Kuanzia Zwide

Wapenzi wa raga tukianza kubishana kuhusu mikoa ya Afrika Kusini, Eastern Province hutajwa mwisho, tena kwa sauti ya kuhurumia. Western Province na Blue Bulls wana makombe ya kujaza kabati. Eastern Province, chama chenye makao yake Port Elizabeth, jiji ambalo tangu 2021 linaitwa Gqeberha, hakijawahi kutwaa Kombe la Currie, mashindano makuu ya mikoa ya nchi hiyo, hata mara moja. Watu hufunga mjadala hapo. Mimi naona hapo ndipo unapoanza.

Chama cha wazungu kiliundwa 1888, na hiyo ndiyo tarehe inayokumbukwa. Lakini mwaka mmoja kabla yake Waafrika wa Port Elizabeth walikuwa tayari na klabu yao, iliyoitwa Union. Waxhosa wana jina lao la mchezo huu, umbhoxo, yaani kile kitu kisicho mviringo. Kwa hiyo nakereka sana nikisikia mtangazaji akisema kwamba raga "ilipelekwa" kwa Waafrika baada ya 1994. Haikupelekwa. Ilikuwako, ikichezwa Jumamosi baada ya Jumamosi kwenye viwanja vya vumbi vya New Brighton na KwaZakhele, mitaa ya Waafrika ya Port Elizabeth, huku magazeti makubwa yakiandika habari za uwanja mmoja tu, Boet Erasmus.

Ukitaka kujua uwanja huo ulikuwa wa nani, rudi Julai 1974. British Lions, timu teule ya Uingereza na Ireland, walikuwa katika ziara ambayo hawakupoteza mechi hata moja, na hapo Boet Erasmus waliwapiga Springboks, timu ya taifa ya Afrika Kusini, 26-9 na kuweka mfululizo wote mkononi. Waafrika waliokuwamo uwanjani walikuwa wametengewa pembe yao, na kutoka pembe hiyo waliwashangilia wageni. Jitie katika nafasi yao: timu ya nchi yako inacheza katika jiji lako, nawe unaomba ifungwe, kwa sababu jezi ile hairuhusiwi kuvaliwa na mwanao.

Hao hao wa pembeni walikuwa na chama chao. Kwaru, yaani chama cha raga cha KwaZakhele, iliundwa 1971 chini ya Dan Qeqe, mtu wa klabu ya Spring Rose, na msimamo wake haukuyumba: haiwezekani kuwa na michezo ya kawaida katika jamii isiyo ya kawaida. Kisha ikaja tarehe 10 Oktoba 1976, miezi minne tu tangu watoto wa Soweto wapigwe risasi. Sheria ilimtaka mzungu awe na kibali kabla ya kukanyaga mtaa wa Waafrika. Ndugu wawili wa kizungu, Dan Watson, anayejulikana zaidi kama Cheeky, na Valence, walipuuza sheria hiyo wakaenda kucheza na Waafrika. Cheeky alikuwa njiani kuelekea jezi ya Springboks, akaiacha. Kwangu mimi mechi ile ina uzito kuliko fainali yoyote ya Kombe la Currie, na inanisikitisha kwamba vijana wengi wanaoijua raga ya Afrika Kusini kwa moyo hawajawahi kuisikia.

Boet Erasmus iliingia tena katika historia mwaka 1995, kwenye Kombe la Dunia. Afrika Kusini na Kanada walikuwa tayari kuanza, taa zikazimika, watu wakakaa gizani dakika 45. Mechi iliisha 20-0, lakini kabla ya kuisha kulizuka ngumi, na wachezaji watatu wakaonyeshwa kadi nyekundu. Baadaye winga wa Afrika Kusini, Pieter Hendriks, akafungiwa, na nafasi ikapatikana ya kumwita Chester Williams, mchezaji pekee asiye mzungu wa timu hiyo, aliyekuwa ameachwa kwa sababu ya jeraha. Katika robo fainali dhidi ya Samoa, Chester alifunga trai nne. Sura iliyobandikwa kwenye mabango ya mashindano yale ilirudi kikosini kwa sababu ya ugomvi wa usiku ule.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Mkoa ulipotaka hatimaye kuheshimiwa, uliamua kujenga timu kubwa kwa haraka. Timu hiyo, Southern Kings, ikaingia Super Rugby, ligi ya kimataifa ya kizio cha kusini, 2013, wakati huo Cheeky Watson ndiye rais wa chama. Usiku wa kwanza ulikuwa mtamu: Kings waliwapiga Western Force 22-10, na kijana wa miaka 18, Sergeal Petersen, akafunga trai mbili. Msimu ukaisha Kings wakiwa mkiani, wakashushwa na Lions wa Johannesburg kwa tofauti ya pointi 2 katika mechi mbili za mchujo. Mwishoni mwa 2015 wachezaji walikuwa hawalipwi mishahara. Wakarudi, wakaondolewa, wakahamia Pro14, ligi ya Ulaya, na 2020 wakafilisika kabisa. Paa lilipauliwa kabla ya msingi kukauka. Fedha zilizoteketea kwa jina la Kings zingetosha kuotesha nyasi katika viwanja vingapi vya mtaani?

Nauliza hivyo kwa sababu ya Zwide, mtaa wa Waafrika wa Port Elizabeth. Siya Kolisi alizaliwa huko tarehe 16 Juni 1991, akalelewa na bibi yake. Gari lake la kuchezea lilikuwa tofali. Alipokwenda kwenye majaribio ya timu ya vijana hakuwa na kaptula ya raga, akacheza na boksa. Aliyempokea na kumfundisha ni klabu ya mtaani, African Bombers, kabla hajapata ufadhili wa kusoma shule ya Grey. Mtoto huyo ndiye nahodha aliyeinua Kombe la Dunia Yokohama 2019 na Paris 2023. Raga yake ya mkoa, hata hivyo, aliichezea Western Province. Wengine wamevuna, shamba ni la Eastern Province, na kabati lake limebaki tupu. Anayeuliza mkoa huu umeshinda nini aanze kuhesabu hapo.

Kwetu Kenya jambo hili si geni. Nondies na Harlequins zilianza kama vilabu vya walowezi, na mwaka 1977 wachezaji Waafrika wakaunda Mwamba. Mimi nimekulia raga ya Ngong Road, uwanja wa RFUEA, na wazee waliokaa jukwaani pale walikuwa wakiitaja Mwamba kama mtu anavyotaja ukoo wake, hata siku ilipofungwa. Lakini nasi tunapenda kuijadili timu ya taifa usiku kucha huku uwanja wa shule jirani hauna hata milingoti.

Mwaka 2022 Simbas wetu, timu ya taifa ya Kenya, walicheza daraja la pili la Kombe la Currie, linaloitwa First Division, pamoja na Eastern Province wenyewe. Nikitamani kitu, ni kwamba wakialikwa tena, dereva wa basi asiwapeleke moja kwa moja kwenye ule uwanja mkubwa uliojengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia la soka. Apite kwanza Zwide, kwenye uwanja wenye jina la Dan Qeqe, vijana wetu washuke na viatu vyao, wakimbie pale nusu saa na watoto wa Bombers.